Mteja wa Nyuma ya Pazia

Nyasubi, Kahama.
Jumatatu, juma la kwanza la Majilio.

Kwa Ndugu Enock,
Mshenga wa nyumba zetu mbili,
Kharumwa.

YAH: MILO ISIYORIDHISHA KATIKA MGAHAWA WA MKWE WANGU, GEITA

Ndugu Mshenga,

Mteja ni mtu mwenye sifa tatu. Kwanza, huingia mahali pa biashara kwa hiari yake. Pili, hula alichoandaliwa akiwa na haki ya kusema kama ni kizuri au ni kibaya. Tatu, asiporidhika, anaweza kutorudi. Ikikosekana sifa moja kati ya hizo, aliyeketi mezani si mteja. Ni mgeni, ni ndugu, au ni mtu aliyepotea njia. Naomba uishike tafsiri hii, kwa kuwa barua yote imejengwa juu yake.

Nimeanza hivyo kwa sababu ya kisheria. Kama mama mkwe, mila imenifunga kinywa. Sikitaji kwa ubaya kilichotoka mkononi mwa mume wa binti yangu, wala sizungumzi naye jambo zito uso kwa uso. Jambo zito hupita kwako. Tena, mume akitaka kuhama na mkewe, mama mkwe ana jibu moja tu aliloruhusiwa, nalo ni nendeni salama. Mteja hafungwi na hayo, kwa kuwa mteja hana mkwe. Hivyo nakuandikia kama mteja, nikikutumia wewe kama mshenga, na sioni mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Ujumbe wako niliupata. Ulinipigia ukiwa mnadani na nilisikia zaidi mafahali kuliko wewe, lakini kiini kilifika: "Mama Ritha, kijana anauliza, waende au wabaki? Hataki kumpandisha ndege mtoto wa watu bila neno lako." Nimeelewa kwamba mwajiri wake wa zamani kule Krakow, Poland, amemwita arudi jikoni kwake, kwamba mgahawa wa Geita haujasimama, na kwamba jibu linatakiwa kabla ya Krismasi. Wakienda, anakwenda Donatus, anakwenda Ritha, binti yangu pekee, na anakwenda mjukuu wangu Lusia, ambaye hajafikisha umri wa kuanza shule. Ulitaka neno moja. Nimekaa kwenye kiti cha mahakama ya mwanzo maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kutoa neno hata moja kabla ya kusikiliza ushahidi. Ushahidi huu hapa.

Kuna mambo yasiyobishaniwa. Donatus ni mtoto wa Kharumwa, wa ukoo unaoufahamu kuliko mimi. Alipelekwa Poland kusomea uhandisi wa migodi, ukoo mzima ukitarajia arudi avae kofia ngumu na kutia saini karatasi za mgodini. Alirudi na shahada, ndiyo, na pia na sufuria ya chuma aliyoipakata ndani ya ndege, kwa kuwa kule alijikimu kwa kupika na moyo wake ulibaki jikoni. Katika mji ambao kila mtu anatafuta kilicho chini ya ardhi, yeye alifungua Mgahawa wa Krakow, wa chakula cha Kipolandi. Watu wa Geita wanapaita kwa Mpolandi. Mpolandi mwenyewe hupiga chafya kwa Kisukuma.

Nilipokwenda mara ya kwanza kulitokea tatizo la usanifu. Dirisha la jikoni linatazama ukumbi wote, na kwetu mama mkwe na mkwe hawali wakionana. Donatus, ambaye amelelewa vizuri, na hilo silipingi, alitundika pazia la kitenge chenye picha za tausi kwenye kona moja, akaniwekea meza nyuma yake. Tangu siku hiyo nasalimiana na tausi. "Shikamoo Mama," kinasema kitenge. "Marahaba, baba. Mhola?" "Mhola duhu, Mama," kinajibu kitenge, yaani salama tu, na salamu zinaishia hapo kwa adabu. Anayebeba sahani na maneno kati yetu ni mhudumu aitwaye Sikujua, mama wa makamo mwenye ulimi usio na breki. Ninakwenda kila Jumamosi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Supu ya bitiruti. Huja mezani ikiwa nyekundu kiasi ambacho mtu mwenye mwenendo mzuri husita kuitazama, na ndani yake huelea vipande vya unga vyenye umbo la sikio. Siku ya kwanza dalali mmoja wa dhahabu, aliyeketi upande wa pili wa pazia, aliiinua kwa kijiko akaimwaga tena bakulini, kama wanavyokagua dhahabu iliyotoka kusafishwa kwa dawa. "Dada," akauliza, "hii mmeichenjulia wapi?" Sikujua akamjibu, "Kunywa kwanza, kaka. Ukipona ndio uulize." Supu hii haiishii tumboni, hukaa midomoni. Jioni ile nilishuka kwenye basi Kahama nikapitiliza msibani kwa jirani, na akina mama waliokuwa wameketi mkekani walinitazama kwa muda, mpaka mmoja akasema kwa upole unaoumiza, "Jamani, Mama Ritha, siku hizi tunapaka." Nilikuwa nimekwenda kuwafariji wafiwa.

2. Sambusa iliyochemshwa. Jina lake kule ni pierogi, lakini jina halibadilishi ukweli wa jambo. Sambusa ni ahadi: anayeiona kwa mbali amekwisha kuahidiwa kwamba itavunjika kwa sauti. Hii haikuvunjika. Iliteleza kwenye uma, ikaenda ng'ambo ya sahani, ikanisubiri huko. Nilipoipata nikaikata, nikakuta viazi. Yaani wanga umevishwa wanga, kama mtu aliyevaa koti juu ya koti katika mchana wa Geita. Nikaomba, kwa unyenyekevu, ugali kidogo wa kusindikizia. Sikujua akainama sikioni pangu: "Mama, ugali hapa hauuzwi. Ila mwenyewe akila, anakula ugali." Nilidhani ni uzushi wa wafanyakazi. Lakini baadaye kidogo, kutoka upande wa tausi, ilinijia harufu ya dagaa waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu, nami nimekaa mahakamani vya kutosha kuitambua harufu ya ushahidi. Kwamba mpishi anajipumzisha kwa ugali na dagaa huku wateja wake wanafukuzana na unga uliochemshwa, ni jambo ambalo katika kazi yangu ya zamani lingetosha kufunga faili.

3. Samaki. Tunaishi mahali ambapo sato hufika sokoni akiwa bado anashangaa kilichompata. Sato huyo huyo Donatus humlaza kwenye siki na vitunguu usiku kucha, kisha humleta mezani akiwa hajawahi kuonana na moto. Nilimuuliza Sikujua kama gesi imekwisha. "Hapana Mama, ndivyo alivyo." Nikasema basi na mimi ndivyo nilivyo, nikamrudisha.

4. Kabichi iliyochachushwa. Iandikwe tu kwamba ilikuwepo.

5. Bakuli la mkate. Hapa kuna suala la kisheria ambalo naona wengi wamelipita bila kulitazama. Ni supu nzito ya unga uliochachuka, ndugu kabisa wa ule uji mchachu ambao kwetu hupewa wanaopalilia pamba, na wao hupewa bure. Supu hii hutiwa ndani ya mkate uliotobolewa tumbo. Je, mkate ule ni chombo au ni chakula? Kama ni chombo, nikiula nimeharibu mali ya mgahawa. Kama ni chakula, kwa nini ulivujia mapajani mwangu kama chombo kibovu? Nilimtuma Sikujua jikoni na swali hilo kama lilivyo. Akarudi akasema, "Anasema Mama ule tu." Kwa mkwe hilo ni jibu. Kwa mtu wa sheria si jibu, na suala hilo hadi leo halijaamuliwa.

6. Sahani. Naomba usome taratibu, kwa kuwa hapa ndipo nilipofungiwa.

Jumamosi ya pili niliamua kulalamika kwa njia pekee ambayo mila inaniachia: nilibakiza nusu ya chakula. Mahali popote penye akili, sahani inayorudi nusu ni malalamiko. Nilisahau kwamba Donatus ni mtoto wa Kharumwa. Kwetu mkubwa akila hamalizi. Huacha kidogo kwa ajili ya watoto, na kilichoachwa na mkubwa ni baraka ya nyumba. Nikamsikia kwa masikio yangu, nyuma ya tausi, akiita: "Lusia, njoo ule, Bibi amekubakishia." Kisha Sikujua akaja na ujumbe: "Anasema ahsante sana Mama kwa kuwakumbuka." Jumamosi iliyofuata sahani ilikuwa kubwa zaidi, ili Bibi ashibe na baraka ibaki. Nikaacha robo tatu. Ahsante ikawa ndefu zaidi. Mara iliyofuata waliniletea sinia.

Nikabadili mkondo. Nilikula kila kilichowekwa mpaka sahani ikang'aa, kwa hoja kwamba sahani tupu haina baraka ya kusingiziwa. Nilikuwa sijajua kwamba Donatus amelelewa mara mbili. Kule Poland, sahani ya mgeni ikiwa tupu, mwenye nyumba huona aibu na kuongeza. Wakaongeza. Basi utaona mwenyewe jinsi mambo yalivyo: nikimaliza, naongezewa, nikibakiza, nimebariki, kwa hiyo naongezewa. Nimetafuta mlango wa tatu na sijauona. Nimeamua mashauri ya mipaka ya mashamba, na ya ng'ombe waliopotea weusi wakapatikana wekundu, lakini sijawahi kuzungushiwa hoja pande zote namna hii, na aliyenizungushia ni kijana anayeniheshimu.

7. Pazia kufunuliwa. Lusia alizaliwa Krakow, Ritha alipokuwa akiishi huko na mumewe, na kwake tausi ni tausi tu. Jumamosi moja alilishika pazia kwenye ncha, akalifunua lote, akatangaza kwa ukumbi mzima: "Baba, Bibi huyu hapa." Kwa kitambo ambacho sitaki kukikadiria, mkwe na mama mkwe walitazamana. Yeye tonge la ugali lilikuwa limeshafika mdomoni. Mimi nilikuwa nimeliinua bakuli la supu nyekundu kwa mikono miwili na kuliinamishia usoni, kwa nia ya kukagua kitako chake. Yule yule dalali wa dhahabu ndiye aliyesema, "Hapo sasa lazima kuku aende." Nasikitika kukiri kwamba alitaja sheria kwa usahihi.

8. Faini iliyopikwa. Mila iko wazi. Mkwe aliyeonana na mama mkwe katika kula hutoa kuku wa kuosha macho. Kuku huyo huwa hai, amefungwa miguu, na hupitia kwa mshenga. Wewe, Ndugu Mshenga, hukupokea kuku. Mimi nilipokea sufuria. Ndani yake alikuwamo kuku, sikatai, lakini ameshachemshwa mpaka mchuzi umegeuka rangi ya dhahabu, pamoja na tambi nyembamba kama nywele za mtoto mchanga na majani mabichi yaliyokatwakatwa juu yake. Maelezo yalikuwa kwamba huko Poland mchuzi huo ni wa Jumapili, wa watu wanaopendana, na kwamba yeye aliona si heshima kumpa Mama kazi ya kuchinja. Faini haipikwi. Kuku aliyepikwa hatagi, hafugwi, na hawezi kurudishwa endapo faini itakataliwa. Kwa kulinda kanuni niliirudisha sufuria. Ilirudi tupu kwa sababu zisizohusiana na shauri hili.

Hayo ni yangu. Lakini hakimu haamui kwa kinywa cha mlalamikaji peke yake, hivyo nilifanya uchunguzi. Pale wanapoegesha bodaboda, kijana mmoja aliponisikia nikitaja mgahawa huo aliniangalia kwa huruma. "Kwa Mpolandi? Mama, pale unakula, halafu unakwenda kula." Mwenzake akambishia: "Acha uongo wewe. Wale akina mama wanaoponda mawe kule kwenye karasha wanaifuata ile supu. Wanasema inaongeza damu." "Wangapi hao?" "Wapo." "Wapo, lakini wanatosha kulipia pango la nyumba?" Wa pili akajifanya anafuta kioo. Nimeuandika ushahidi wote wawili kwa uaminifu, ingawa wa kwanza unanipa nguvu na wa pili unanipunguzia, na ingawa lile swali la mwisho silipendi.

Nimeyapima haya na ninaona makosa yamethibitika. Sasa nageukia adhabu, na hapa ndipo swali lako la waende au wabaki linapopata jibu kwa njia halali.

Makosa yalitendeka Geita. Mkosaji hasafiri wakati madhara ya kosa lake hayajarekebishwa. Hata mwizi wa baiskeli analijua hilo. Kwa hiyo Donatus hawezi kwenda Krakow kabla hajajifunza kupika. Nani atathibitisha kwamba amejifunza? Ni lazima awe aliyeathirika, yaani mimi. Nitathibitishaje? Kwa kula. Nitakula wapi? Pale pale, kwa kuwa mahakama makini hutembelea eneo la tukio. Kwa hiyo mgahawa hauwezi kufungwa, maana kuufunga ni kuharibu eneo la tukio, nalo ni kosa jipya.

Ritha ni shahidi. Ndiye anayesimama kaunta akiwaambia watu karibuni tena bila kuona haya, na shahidi muhimu hatolewi nje ya nchi. Lusia naye ndiye shahidi pekee aliyeziona pande zote mbili za pazia kwa wakati mmoja. Ushahidi wa mtoto mdogo una taratibu zake. Ni sharti kwanza aelewe maana ya kusema kweli. Kwa makadirio yangu ataielewa sawasawa atakapomaliza kidato cha nne, na kwa tahadhari zaidi, chuo. Mpaka hapo anapaswa kukaa mahali ambapo mahakama inaweza kumfikia kwa basi.

Hati zao za kusafiria ziletwe kwako, uzifungie katika lile sanduku unalotunzia karatasi za mashamba. Sufuria ya chuma ni kielelezo. Iendelee kutumika jikoni, ila isipande ndege. Mwajiri wa Krakow aarifiwe kwa heshima kwamba kijana ana shauri. Akiuliza ni shauri la nini, aambiwe ni la supu. Akiuliza litakwisha lini, aambiwe kwamba mashauri ya ukweni hayapangiwi tarehe.

Najua utasema adhabu imezidi kosa. Utasema pia, kwa ile sauti yako ya kupatanisha ng'ombe na mwenye shamba, kwamba kama chakula ni kibaya kiasi hicho basi njia nyepesi ni wafunge waende zao, nami nipumzike. Wazo hilo nimelipima na ninalikataa. Mtu aliyekupikia vibaya akaondoka amekuachia ubaya huo moja kwa moja. Aliyebaki bado ana Jumamosi nyingine ya kujirekebisha. Aidha, njia hiyo nyepesi nimeshaipita. Mjukuu wangu nilimwona mara ya kwanza kwenye simu, na simu ikagoma akiwa amefumbua mdomo, kwa hiyo kwa muda mrefu nilimjua kama mtoto wa mdomo wazi. Alipojifunza kusema Bibi, mtandao ulikuwa ukikatika kila alipofikia neno lenyewe. Hilo silileti kama lalamiko, kwa kuwa halihusu chakula. Nalitaja ili kumbukumbu zikamilike.

Naomba uyafikishe haya kwa lugha ya ukweni, ukipunguza makali kwenye namba moja na kuyaongeza kwenye namba nane. Lile la kitako cha bakuli si lazima ulisome kwa sauti. Nisalimie mkeo, na umwambie mbegu za maboga alizonipa zimeota. Msalimie mama mzazi wa Donatus. Mwambie kijana amelelewa vizuri kupita kiwango kinachohitajika. Salamu kwa katekista, kwa majirani wote wanaonikumbuka, na kwa wale mafahali niliozungumza nao kwenye simu.

Ni mimi, ninayeziheshimu nyumba zote mbili hata ninapoishitaki mojawapo,

Justa Ndaki,
Hakimu Mstaafu na, kwa madhumuni ya barua hii, Mteja.

Nyongeza: Barua hii imekaa juu ya kabati juma zima ikiwa imefungwa. Nimeifungua tena kwa sababu aliyetoa tafsiri anawajibika kuipima kwake mwenyewe kabla ya kumpimia mwingine.

Sifa ya kwanza ninayo. Hakuna aliyewahi kunilazimisha kupanda basi la Geita. Ya pili nimeitumia, pengine kupita kiasi. Ya tatu niliijaribu juzi Jumamosi. Sikwenda. Nilibaki hapa Nyasubi, nikasonga ugali, nikaunga nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, nikala nikashiba kama mtu mwenye akili timamu. Alasiri nikajikuta sokoni nimeshika bitiruti ambazo hakuna mtu nyumbani aliyeziagiza. Nilizichemsha. Nikatia siki, nikatia chumvi, nikaonja, nikaongeza sukari, nikamwaga, nikaanza upya. Rangi ilikuja, supu haikuja. Hata hivyo niliinywa, na kwa mazoea nikabakiza nusu bakulini. Ilikaa pale mpaka ikapoa, kwa kuwa hakukuwa na wa kuitwa aje amalizie.

Jioni Ritha alipiga simu kuuliza kama naumwa. Nyuma yake nilimsikia Sikujua akimwambia mtu, "Hapo hapakaliwi, kaka, ni pa Mama." Ritha akasema ukumbi ulikuwa umejaa kidogo, kwa mara ya kwanza tangu masika, na bado Donatus alikataza mtu asiketi nyuma ya tausi. Alipika supu akaiweka mezani. Ilipopoa akaitoa akaleta nyingine.

Basi sifa ya tatu sina. Mimi si mteja. Na kama si mteja, sikuwa na haki ya kulalamika. Malalamiko yote manane yanafutwa, amri zinaanguka pamoja nayo, na Donatus yuko huru kupanda ndege wakati wowote apendao. Kama ni mama mkwe, sikustahili hata kuketi pale, sembuse kuinua bakuli. Tena hakimu anayegundua kwamba shauri analolisikiliza lina maslahi yake mwenyewe hujitoa, bila kuombwa. Nimejitoa leo asubuhi.

Lakini swali lako bado liko mezani, Ndugu Mshenga, na kijana hapandi wala habaki bila neno la mtu. Mteja hayupo, hakimu amejitoa, na mama mkwe ana neno moja tu aliloruhusiwa, ambalo mkono wangu umekataa kuliandika. Ni nani basi aliyebaki mwenye haki ya kuwaambia wasiende?